Mbwa Aliyeitwa kwa Mguu

Kasiani alizaliwa kwenye laini za manamba, nyumba za vibarua wa mkataba, katika shamba moja la mkonge nje ya mji wa Kilosa, na jambo la kwanza alilofundishwa na baba yake kuhusu dunia ni kuitika. Baba huyo alitoka Songea, kipande kwa miguu na kipande kwa lori, akiwa na mkataba wa miezi ambao mwishowe ulimmaliza maisha. Alimwambia mwanawe: ukiamriwa, sema ndiyo kwanza, uchungu utaushughulikia jioni. Kasiani akalishika hilo. Aliwaitikia wazungu, akaitika bendera ilipobadilika, akawaitikia mabwana wapya waliotaka waitwe ndugu. Watu walimsifu kuwa ni mtu mtaratibu. Sifa ya namna hiyo haimgharimu kitu anayeitoa.

Mwaka wa sabini na nne alikuwa amevuka arobaini, mhudumu katika kituo cha mifugo pembezoni mwa mji. Kazi yake ilikuwa kufagia, kushika ng'ombe wanapodungwa sindano, kuwapikia mbwa pumba, na kuwazika. Hiyo ya mwisho haikuwa imetajwa siku alipoajiriwa. Ilikuja yenyewe mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini.

Ilikuwa hivi. Lori lilifika kwenye kaya zilizotawanyika porini, likapakia watu, magunia, kuku, vinu na vitanda vya kamba, likaenda kuwamwaga kando ya barabara mahali palipochorwa kijiji. Mbwa hawakupakiwa. Walibaki kwenye mahame wakilinda vizingiti vya nyumba zisizo na mtu, kisha njaa ikawashinda, wakaanza kuzurura. Kichaa cha mbwa kikaingia. Ndipo ikatoka amri kwamba mbwa wote wasio na wenyewe wakusanywe, wakae kituoni wiki mbili, na anayemtaka mmoja wao alete barua ya balozi wake wa nyumba kumi. Mbwa akapigwa sindano, akavishwa kibati shingoni, akaenda zake. Asiye na barua alingoja Jumamosi, siku ambayo Lazaro, askari wa wanyamapori, aliletwa kutoka Mikumi na bunduki.

Mmoja wao, jike mwekundu, aliokotwa kwenye hame moja upande wa kijiji cha Ulaya. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya nyumba tupu. Wenyewe walimfunga asikimbilie lori, wakiamini lori lingerudi siku ya pili kuchukua vilivyobaki, kama walivyoambiwa. Halikurudi. Alipopatikana, kamba ilikuwa imeingia kwenye nyama ya shingo, na alikuwa amelamba ukuta wa udongo mpaka umetoboka.

Kituoni alijibanza kwenye pembe ya banda na pale pale akakaa. Ukimletea pumba, hasogei mpaka uondoke. Ukimpigia mluzi, hakutazami. Wahudumu wengine wakasema ni mwoga na mkaidi, na mbwa wa hivyo ni hasara kumlisha. Kasiani naye aliamini hivyo, hadi siku debe la maji lilipodondoka kutoka kwenye paa la bati kwa kishindo kilichowarusha mbwa wote. Yule mwekundu alikuwa amelala. Hata sikio halikucheza.

Kasiani akasimama pale na ufagio mkononi, akajisikia vibaya kwa kila mluzi aliopiga. Wiki nzima alikuwa akimlaumu kiziwi kwa kutoitika.

Sakafu ya banda lile ilikuwa ya mataruma ya zamani ya reli, mbao nene zilizochakaa. Aligundua kwamba akikanyaga kwa nguvu, mtetemo unamfikia mbwa tumboni, naye anainua kichwa. Basi kila asubuhi, kabla ya kuweka pumba, akawa anapiga mguu chini mara mbili, kisha anachuchumaa na kugeuza uso pembeni, maana mbwa huyu hakustahimili kutazamwa machoni. Siku ya nne mbwa alisimama. Siku ya saba akaja hatua tatu, akasita, akarudi pembeni. Hakuwahi kufika mkononi. Lakini mkia, ambao siku zote aliukunja tumboni, ulianza kushuka na kutikisika ncha tu, kwa woga, na Kasiani, mtu mzima mwenye watoto wanne, akawa anatembea kwenda kazini haraka kuliko ilivyohitajika.

Mtu atauliza kwa nini hakumchukua yeye. Alijaribu. Alikwenda kwa balozi wake, mzee Tomasi, akamweleza. Mzee Tomasi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaelekeza kidevu kwenye nyumba ya tatu, ambako mama mmoja alikuwa akianika mihogo. Mama huyo alimzika binti yake mwaka uliotangulia kwa kichaa cha mbwa, baada ya siku tano za kuogopa maji.

"Nitaandikaje mimi barua ya kuleta mbwa kwenye nyumba kumi hizi?" mzee Tomasi akauliza.

Kasiani aliitazama nyumba ile ya tatu. Jeneza lile alilibeba kwa bega lake mwenyewe. Akasema ndiyo, mzee, akaaga.

Wiki mbili zilikuwa zimeisha. Bwana mifugo, Ndugu Wenceslaus, alikuwa ameongeza wiki moja kwa hisani, akasema haiongezeki nyingine. Hakuwa mtu katili. Alikuwa na banda moja, mbwa wengi, na daftari la kujibia. Jumanne ya wiki hiyo ya mwisho ndipo alipofika Mama Hildegarda.

Alikuwa mjane wa makamo ya kwenda uzeeni, aliyehamishwa kutoka shamba lake la zamani hadi kijiji kipya kwenye barabara ya Ulaya kuelekea Mikumi. Alishuka kwenye lori la mbao, akajifuta vumbi, akasubiri asalimiwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mna mbwa."

Kasiani alimwonyesha mbwa wazuri kwanza, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye kitu anachokipenda na anaona aibu kukitaja. Mama Hildegarda akawapita. Alisimama mbele ya ile pembe.

"Na huyu?"

"Huyu hasikii, mama. Na anaogopa watu. Sikufichi."

"Hasikii kabisa?"

"Kabisa. Anaitwa kwa mguu." Akakanyaga mara mbili. Mbwa akainuka, akaja hatua zake tatu, akasimama akitetemeka na kutazama chini.

Mama Hildegarda akasogea karibu na mbao. "Nilikuwa na mbwa watatu," akasema. "Siku ya lori kila mtu alikuwa anapiga mluzi na kuita. Wangu wakafuata sauti za watu, sijui za nani, sikuwaona tena. Huyu nani atamwita akanipotea? Shamba langu jipya liko mwisho kabisa, nguruwe wanaingia wanavyotaka. Atanilinda kwa pua, nami nitamlinda kwa masikio. Niandikie huyo."

Kasiani alitamani kucheka. Alimwonyesha namna ya kukanyaga, namna ya kuchuchumaa, namna ya kugeuza uso. Mama akajaribu. Mbwa hakuja, lakini hakurudi nyuma pia, na kwa mbwa yule hayo yalikuwa mapatano.

"Utampa jina gani?" Kasiani akauliza.

"Jina la nini kwa asiyesikia? Mguu unatosha." Akaweka kanga sawa mabegani. "Barua nitaileta."

Ndugu Wenceslaus akasema vema, ila barua ifike kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi.

Kumbe barua ndiyo iliyokuwa mlima. Kijiji kipya kilikuwa na nyumba nyingi, ila zilikuwa bado hazijahesabiwa kumi kumi. Walihesabu watu, wakahesabu majembe, wakapima ekari, lakini mabalozi wangechaguliwa katibu wa chama atakapokuja, na katibu alikuwa anazungukia vijiji vingine. Mtu asiye na nyumba kumi hana balozi, na asiye na balozi hana wa kumwandikia. Mama Hildegarda akaona njia ni kumtafuta balozi wake wa zamani, Damiano, aliyemjua miaka yote. Damiano naye alikuwa amehamishiwa kijiji cha upande wa Chanzuru, ng'ambo ya Kilosa. Mama akaenda huko Alhamisi. Wakati wa kurudi akapitia kituoni, miguu imevimba, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Amekataa?" Kasiani akauliza.

"Hakukataa. Alilia." Mama alisema bila hasira. "Anasema nyumba zake kumi ziko vijiji vinne sasa. Akiniandikia mimi, anaandika kama nani? Wamemwambia asitie sahihi tena kwa jambo lolote. Akanipa mihogo."

"Na kijijini kwenu?"

"Wanasema kesho, au kesho kutwa. Katibu akifika tu, nitakuwa wa kwanza." Akamtazama mbwa kupitia nyufa za mbao. "Mwambie bwana mkubwa wako mimi sikudanganya. Nitakuja."

Ijumaa asubuhi Kasiani alikwenda ofisini kwa Ndugu Wenceslaus, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kuitwa. Alikuwa amepanga maneno. Aeleze kuhusu nyumba ambazo hazijahesabiwa, kuhusu mzee Damiano, kuhusu mama aliyetembea hadi Chanzuru. Aliyasema karibu yote.

Ndugu Wenceslaus aliweka kalamu chini. "Nimeelewa, Ndugu Kasiani. Lakini Jumatatu naletewa mbwa kumi na wawili kutoka vijiji vitatu. Lazaro anarudi Mikumi kesho jioni na sijui nitampata lini tena. Barua ipo?"

"Haipo, mzee."

"Basi ndugu yangu, tufanyeje?"

Hilo lilikuwa swali. Bwana yule aliuliza kweli, kwa sauti ya mtu aliyechoka, na huenda angekubali jibu lolote: siku mbili tu, mzee, nitamfunga stoo, niandike mimi kwenye daftari. Kasiani alisikia majibu hayo yote kichwani mwake. Mdomo wake, uliozoeshwa kazi moja tangu utotoni, ukasema, "Ndiyo, mzee." Akatoka. Alifika nje ndipo akagundua kwamba hakuwa amejibu kitu.

Alifikiria kumfungulia akimbie. Akimbilie wapi? Mbwa asiye na kibati aliuawa na yeyote mtaani, na kiziwi hawezi kusikia treni.

Jumamosi saa sita ilifika na kupita. Kasiani alikuwa ametazama barabara tangu asubuhi, na kila lori la mbao lililopunguza mwendo lilimpandisha moyo na kuuangusha. Lazaro alianza kazi. Kila mlio uliposikika, mbwa waliobaki walilia na kugonga mbao kwa vichwa, wakijua. Yule mwekundu peke yake alikuwa amelala, kidevu juu ya miguu. Katika kituo kizima hakukuwa na kiumbe mwingine aliyekuwa na amani.

Akabaki yule mwekundu tu. Ndani ya banda hapigiki, risasi ingerudishwa na bati. Lazaro akachukua mti mrefu wenye kitanzi cha kamba, ule wa kukamatia, akauelekeza kwenye pembe. Mbwa akauona. Kovu la shingoni lilikuwa bado halijaota manyoya. Alijibana ukutani, akajikojolea, wala hakubweka.

"Ngoja," Kasiani akasema. "Usimvute shingo. Nitamtoa mimi."

Akasimama mlangoni. Akapiga mguu chini mara mbili, akachuchumaa, akageuza uso pembeni.

Hatua tatu. Mbwa akasita pale pale aliposita siku zote. Kasiani aliomba arudi. Aliomba kwa moyo wote, yeye aliyekuwa amemwita. Ndipo akasikia kucha zikigonga mataruma, moja, nyingine, na pumzi ya joto, na pua yenye unyevu ikaingia katikati ya kiganja chake, ikabaki humo. Akamwinua mikononi, mwepesi mno, akatoka naye juani, Lazaro akifuata na bunduki.

Mama Hildegarda alifika Jumatatu saa tatu asubuhi. Katibu alikuja Jumamosi alasiri, mabalozi walichaguliwa jua likizama, na barua ilikuwa ya kwanza kuandikwa katika kijiji kile. Aliitoa ndani ya kitambaa, ikiwa na sahihi na tarehe. Mkono wa pili alishika kamba laini ya katani aliyoisuka mwenyewe, pana, isiyokata shingo.

Kasiani aliitazama ile kamba. "Shikamoo, mama. Alishachukuliwa."

Mama akaikunja barua taratibu. "Na mtu mwenye barua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi Mungu ambariki. Mradi amepata kwake." Akageuka kuondoka, kisha akakumbuka jambo, akarudi hatua moja. "Huyo aliyemchukua, ulimwonyesha? Ya mguu?"

"Ilifanyika hivyo."

"Akaja?"

Kasiani alitaka kusema ndiyo, neno lake la siku zote, na kwa mara ya kwanza maishani likagoma kutoka.

"Alikuja," akasema. "Alikuja mpaka mkononi."