Kilo Arubaini na Mbili

Nakumbuka siku moja nilipomsikia mume wangu akimtajia fundi uzito wa mwanamke, na uzito wenyewe haukuwa wangu. Kaa vizuri, mwanangu, wewe uliyeolewa juzi na tayari nasikia unapekua simu ya mumeo akiwa anaoga. Sikugombezi. Mimi wivu nilizaliwa nao, na ungekuwa ugonjwa wa kuua ningezikwa kabla fungate haijaisha. Mume wangu Shee amekwishatangulia, Mungu amrehemu, na hata huko aliko, nikiwafikiria hao mahurulaini wa peponi, moyo unanipanda.

Shee alikuwa na pikipiki aliyoirithi kwa babake. Ya zamani sana, chuma kitupu, na Kismayu nzima waliujua mlio wake. Kila Ijumaa aliisugua kwa mafuta na kitambaa kabla ya kwenda msikitini. Hata hiyo pikipiki niliionea wivu, maana mimi mgongo wangu hakuna siku aliyousugua hivyo. Mwaka ule nilikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya mimba mbili kuharibika. Mkunga alinikataza kupanda pikipiki, nikakaa nyumbani. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, au ndivyo nilivyodhani.

Asubuhi moja nikampelekea chai na mahamri kwenye gereji ya fundi Abdi. Shokapu za nyuma, zile springi mbili zinazobeba kiti na kumeza mashimo, zilikuwa zimekufa tangu enzi za babake, na alikuwa amekwenda kuchagua nyingine. Nilifika nyuma ya ukuta wa mabati nikasikia wanazungumza.

"Anayekaa nyuma ana kilo ngapi?" Abdi aliuliza.

"Arubaini na mbili," Shee akajibu.

"Umekisia?"

"Nimempima jana kwenye mizani ya samaki. Alicheka yule, karibu aanguke."

Abdi naye akacheka. "Basi hizi ngumu za kubebea mizigo usizitake. Mtu mwepesi hawezi kuikandamiza springi, kila shimo atarushwa juu. Chukua hizi laini. Na urefu uwe uleule wa zile za zamani. Ukiweka ndefu kiti kitainuka, atashindwa kupanda."

"Funga hizo hizo laini," Shee akasema. "Nataka akae kama yuko kitandani. Asisikie hata jiwe moja."

Kitandani! Mwanangu, chai ilinimwagikia miguuni na sikuhisi moto wake. Mimi wakati ule nilikuwa na kilo themanini na tano. Kilo arubaini na mbili zangu niliziacha nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikageuka na birika langu, nikarudi nyumbani nikihesabu wanawake wembamba wote wa mtaa wetu, mmoja mmoja, na kila mmoja nikampata na hatia. Jioni nikalinusa shati lake. Petroli na samaki, basi. Nikajiambia, ala, kumbe ni mjanja hivi.

Ningemuuliza, mambo yangeishia pale pale kwenye sinia la wali. Lakini mwenye wivu hataki jibu, anataka kumkamata mtu.

Kesho yake alfajiri, Shee akiwa bado msikitini, nikamwahi Abdi anafungua gereji. Pikipiki ilikuwa imelala kwake, shokapu bado hazijafungwa. Nikamwambia kwa macho makavu kabisa kwamba mume wangu amebadili nia, anataka zile ngumu.

"Abayo," akaniita kwa Kisomali chake, yaani dada, "jana ametaka laini mwenyewe."

"Abdi, nitazame. Atakayekaa nyuma ni mimi. Nina kilo arubaini na mbili mimi?"

Maskini akaona haya, akainamisha kichwa, akachukua spana. Nilisimama palepale mpaka bolti ya mwisho ikakazwa. Zile ngumu na zile laini zote zilipakwa rangi nyeusi, kwa macho usingezitofautisha. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nakata vitunguu huku naimba. Kila nikikumbuka ile barabara ya kwenda hospitali, iliyochimbwa na mvua ikasahauliwa, namwona yule kimbaombao akirushwa huku kashika kilemba chake, nacheka peke yangu. Ndiyo, nilicheka. Sikufichi kitu.

Kabla ya adhuhuri nikaona Shee anakuja kwa miguu, anaikokota pikipiki polepole, na juu yake mwanamke amekaa upande, kajikunja, uso ndani ya buibui. Amemleta kwangu! Mlangoni kwangu! Nilitoka na mwiko mkononi, na Mungu ndiye ajuaye ningeufanyia nini.

Yule mwanamke akainua uso. Alikuwa mama yangu.

Midomo yake ilikuwa na damu, kwa namna alivyoiuma. "Usishtuke, mwanangu," akasema. "Ni mgongo tu. Kumbuka tumbo lako."

Mama alikuwa akiishi kisiwani Chula, na mgongo ulimtesa miaka. Nilimbembeleza aje Kismayu kutibiwa, akakataa. Sasa alikuwa amekuja kwa boti juzi yake, kimyakimya, akafikia kwa dadake, na akamwapisha Shee asiniambie, kwa sababu aliniogopea mimba. Alisema nikijua nitakwenda kumngoja pwani na tumbo langu, nitahangaika, nitapoteza na huyu wa tatu. Kwenye bajaji hakuweza kuinama akaingia. Ndiyo Shee akampima kama samaki na kumtafutia shokapu zake. Na asubuhi ile, alipoona pikipiki ngumu, alidhani ni upya wa shokapu, zitalainika. Daktari hupokea watu mpaka saa tano tu, hakuwa na nafasi ya kurudi kwa fundi. Wakaingia kwenye mashimo. Hospitali hawakufika; nyumba ya karibu ilikuwa yetu.

Tulimlaza mama kitandani kwangu. Kila tulipomgeuza alitoa sauti ambayo mpaka leo naisikia. Shee alisimama mlangoni, akaniambia, "Nisamehe. Mimi nimemuumiza mamako. Nilidhani nimechagua vizuri."

Nami nikasema nimekusamehe.

Unasikia, mwanangu? Kosa langu, nikamsamehe yeye. Maneno ya kukiri yalikuwa hapa, kooni, nikayameza.

Alasiri akatoka na pikipiki kwenda kumgombeza fundi. Aliporudi, nilimtazama mara moja tu nikajua Abdi amemweleza. Nilingoja anipigie ukelele. Nilingoja talaka, wallahi, nguo zangu nilikwisha kuziona kwenye sanduku. Akanipita, akaenda akaketi karibu na mama, akasema, "Fundi alikosea, mama. Zimebadilishwa."

Basi. Hakulitaja tena, si kwa ugomvi wala kwa mzaha, mpaka kufa kwake. Mama alikaa kwetu wiki sita kitandani kabla ya kuweza kupanda tena ile pikipiki. Alipona kiasi, akamwona mjukuu wake, akarudi Chula akafia huko akiamini fundi alikosea. Nilikuwa na miaka minne ya kumwambia ukweli. Kila nilipokwenda nilijiambia safari ijayo.

Mwezi uliopita mwanangu wa kiume, yule aliyekuwa tumboni, alinipeleka hospitali kwa pikipiki ileile ya babake. Shokapu ni zilezile laini, ametia oili mpya tu. Nesi akanipandisha kwenye mizani, akasoma: arubaini na mbili. Wakati wa kurudi tulipita kwenye mashimo yaleyale, na sikusikia hata jiwe moja. Nililia njia nzima. Kijana akauliza, "Mama, unaumia?" Nikamwambia hapana. Nilipofika nyumbani nikamweleza yote, na leo nakueleza wewe.

Kwa hiyo iache simu ya mumeo. Wivu sikukatazi, utaniona mnafiki. Lakini ukisikia neno likakuchoma, nenda nalo mbele ya mumeo ukamuulize, na umngoje ajibu mpaka amalize. Usimtegee. Huyo unayemwinda humjui ni nani, na huenda akaja mlangoni kwako uso wake ni wa mamako. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, mtu wako akiwa hai wa kukusikia.

Mungu akupe mume wa kuulizika, akupe na ulimi wa kuuliza. Akulindie mamako. Na siku utakapokuwa mwepesi kama mimi, akupe wa kukubeba taratibu.