Ugonjwa Alioandikiwa Latif

Nangobi alikuwa fundi cherehani wa Bugembe, kando ya barabara ya Iganga, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwashonea wanawake magauni ya gomesi na wazee wa msikitini kanzu. Mumewe, Latif, aliendesha lori la tajiri mmoja wa Jinja. Mwaka 1976, wanajeshi wakiitawala nchi, alitumwa Mbale kuchukua pamba, akarudishwa ndani ya jeneza lililopigwa misumari.

Watu wa hospitali waliomleta walisema ni homa kali, na hospitali imeamuru jeneza lisifunguliwe. Basi Latif akazikwa siku ile ile, ndugu zake wasimwoshe, mtu asimwone hata uso. Jambo hilo liliwakwama watu kooni. Kabla matanga hayajaisha, Mubaraka, mdogo wake marehemu, mwenye bucha hapo Bugembe, akaanza kusema kwamba kaka yake aliondoka nyumbani mzima, amebeba chakula alichofungiwa na mkewe. Neno sumu hakulitaja yeye. Wengine ndio waliolitaja. Arobaini ilipopita alikuja na mama yake, Bibi Nulu, wakawachukua watoto wawili wa Nangobi, wakaenda nao Wanyange, nyumbani kwa bibi huyo, mpaka, walivyosema, mambo yajulikane.

Nangobi alilia mpaka akachoka. Kisha akajiambia kwamba kama ni kujua, hospitali inajua, maana kila mgonjwa huandikiwa. Akapanda basi la Mbale.

Karani wa mafaili alikuwa mtu mpole mpaka aliposikia jina la marehemu. Alitaka barua ya chifu. Nangobi alipoileta, alitaka cheti cha ndoa. Alipoleta nacho, karani alifunga dirisha lake nusu.

"Mama, hii faili inataka ruhusa ya afande kule kambini."

"Bwana yangu hakuwa askari."

Karani alitazama mlangoni kwanza. "Najua," akasema.

Nangobi akatoka, akakaa kwenye benchi la nje. Nesi mmoja, aliyekuwa amemwona kila alipokuja, alimpita, akarudi, akamwambia amfuate kule nyuma shuka zinakoanikwa. Aliitwa Nabifo. Nangobi alijua Kisoga, Nabifo Kimasaba, na katikati yao palikuwa na Kiswahili tu, lugha ambayo Nangobi aliisikia zaidi kwenye vizuizi vya askari barabarani, ikiuliza watu wanatoka wapi. Hakuwahi kuisikia ikinong'onwa.

"Mimi ndiye nilimwosha bwana yako," Nabifo alisema. "Nilimfunga sanda vile nilivyoweza. Mimi si Mwislamu, unisamehe."

Nangobi alishika kamba ya shuka.

Nabifo akamweleza. Latif aliletwa na gari la jeshi, mbavu zimevunjika, akikojoa damu. Kabla hajafa alisema kwamba wanajeshi walimtaka awavushie kahawa yao mpaka Kenya kwa magendo, naye akakataa, maana lori halikuwa lake. Walimpiga, kisha wakakaa wakala chakula alichotoka nacho nyumbani. Daktari aliandika malaria, afande wao amesimama nyuma yake. Jeneza lilifungwa kwa amri ya afande huyo huyo.

"Faili lote linasema malaria," Nabifo akasema. "Karani anaogopa jina tu, hajafungua ndani. Daktari naweza kumwomba akuandikie barua, aseme kilichomo kwenye faili. Kwa barua hiyo hakuna mtu atakamatwa. Hii ingine niliyokwambia, ukiitoa mdomoni, mimi na wewe tumekwisha."

Nangobi alimfikiria Mubaraka, anavyopandwa na hasira upesi. Akijua, ataenda kambini siku hiyo hiyo, na Bibi Nulu atakuwa amezika wanawe wawili. Akawafikiria watoto wake wanaokula kwa watu wanaomwita mama yao muuaji. Akasema anaitaka barua.

Mubaraka alisomewa barua mbele ya wazee wa msikiti. Kesho yake aliwarudisha watoto yeye mwenyewe, na mguu wa mbuzi begani, akaomba radhi kwa shemeji yake kwa maneno mazuri. Bibi Nulu alimkumbatia. Kuanzia hapo amani ikarudi katika ukoo, na Nangobi alikuwa peke yake ndani ya amani hiyo. Kila waliposema malaria ndiyo iliyomwondoa Latif, aliitikia. Askari waliposimamisha magari yao mbele ya bucha, alimsikia Mubaraka akitaniana nao huku akiwakatia nyama, naye akazidi kuinama juu ya cherehani.

Mwaka 1979 vita vilifika, serikali ya wanajeshi ikaanguka, nao wakakimbia. Nangobi alingoja mpaka alipohakikisha kwamba hawarudi. Ndipo akaenda Wanyange, akawaita Bibi Nulu na Mubaraka, akawaambia yote, isipokuwa jina la nesi.

"Miaka hii yote nimewachagulia wale askari nyama nzuri," Mubaraka alisema. "Kwa nini hukuniambia, shemeji?"

"Ungefanya nini?"

"Ningeenda."

"Ndiyo sababu."

Bibi Nulu alikuwa ameinuka, ameelekea ukutani, akilia upya kama aliyefiwa siku ile.

Walikwenda Mbale, Nangobi na Mubaraka, kudai faili lisahihishwe, kifo kiandikishwe upya. Chumba cha mafaili hakikuwa na mlango wala karatasi. Wezi wa vita walibeba makabati, na wauza karanga wakaokota karatasi zilizobaki wafungie karanga zao. Nangobi alimwulizia Nabifo pembeni, akaambiwa amehama, hakuna ajuaye alikokwenda. Karani mpya aliwasikiliza vizuri, akauliza kama wana karatasi yoyote ya hospitali. Mubaraka akatoa ile barua. Karani aliisoma, akaikunja, akawarudishia.

"Basi mnayo," akasema. "Ni malaria."

Njiani kurudi Mubaraka alitaka kuichana ile barua. Nangobi akamzuia, akasema haina kosa, ni karatasi tu. Nyumbani aliwaketisha watoto wake, akawasimulia baba yao alivyokufa. Mkubwa aliuliza kama aliumia sana.

"Aliumia," Nangobi alisema, akakaa nao.