Inkeri Haimo Kwenye Fomu

Kazi niliyoitaka kuliko zote nilizowahi kuacha ilikuwa ya kuonja kahawa. Nilikuwa nimeshauza betri za redio kwenye mtaa wa Asiatique, nimebeba mbao, nimefukuzwa kwa fundi wa friji kwa kuuliza maswali mengi. Kulipwa kwa kunywa! Nikajiona nimezaliwa kwa ajili hiyo. Nilimwambia mama, naye akawaambia majirani wote wa Musaga, kwa hiyo ruhusa ya kushindwa sikuwa nayo tena.

Siku ya jaribio nilijisifu mbele ya madamu aliyesimamia waonjaji. "Mi nimekulia katikati ya miti ya kahawa, madamu."

Ilikuwa kweli. Babu alilazimishwa kuipanda kwa kiboko cha wakoloni, na uhuru ulipokuja, kuing'oa kukabaki marufuku. Nilichosahau kusema ni kwamba kwetu hakuna aliyewahi kuionja. Kahawa ilikuwa kitu cha kuvunwa kikaondoka. Sisi tulikunywa chai.

Basi nilipowekewa vikombe vitatu, nilivimaliza vyote, nikaomba sukari.

Waonjaji waliinamia ndoo zao kucheka. "Bwana, hapa tunavuta na kijiko, kisha tunatema," madamu alisema. "We umekuja kwa jaribio ao umekuja kuamsha kinywa?"

Nikawekewa vingine. Safari hii nilitema, sehemu kubwa kwenye shati langu. Lakini kikombe cha mwisho kilinishtua. Ndani yake nilikuta ladha ya inkeri, yale matunda madogo ya miibani tuliyokuwa tukichuma pembeni mwa shamba tukitoka shule, enzi hizo nilipokuwa bado naenda. Kwenye fomu, penye ladha, nikaandika INKERI kwa herufi kubwa, nikalaza kalamu kama mtu aliyemaliza chuo.

Madamu akasoma. "Inkeri apana. Haimo kwenye fomu."

Kwenye fomu kulikuwa na orodha ya matunda kwa Kifaransa. Sikuwa nimekula hata moja.

"Lakini we unaijua inkeri, madamu."

"Mi naijua sana. Ila mi si mununuzi. Mununuzi iko Ulaya, na bei iko kwenye ulimi wake." Kidole chake kikatua kwenye neno moja: mirtiye. "Andika hii."

"Ni tunda gani?"

"We unataka kazi ao unataka kujua?"

Swali kama hilo ndilo lililonitoa shuleni na kwa fundi wa friji, maana kila mara nilichagua kujua. Kwa mara ya kwanza maishani nililijibu kwa busara. Nikafuta inkeri, nikaandika mirtiye, nikaajiriwa.

Jumapili nilimpelekea mama punje zilizokataliwa, zile zinazobaki nchini, nikazikaanga, nikazitwanga, nikampikia. Alivuta funda moja, akalishikilia mdomoni, akameza kwa heshima ya mgeni asiyetaka kuudhi wenyeji.

"Ni kwa sababu ya hii walimuchapa baba yangu?"

"Kunywa polepole, mama. Utasikia mirtiye."

"Mirtiye ni nini?"

Nikainua kikombe changu, nikavuta kwa kelele kama mtaalamu, ili mdomo uwe na shughuli. Kisha mama akajiongezea sukari vijiko vinne.

"We hauijui," alisema.

Kesho yake kazini, kabla ya saa sita mchana, nilikuwa nimeiandika mirtiye mara saba.