Wanaume Uchi wa Fedha

Juzi, kwenye kabati la kioo la hoteli moja Eliye Springs, niliona sarafu ya fedha yenye Mgiriki wa kale akikimbia uchi. Nilikasirika hadi mwanangu akauliza kama naumwa.

Nilipokuwa mtoto, babu alinitoa Kakuma kunipeleka shule Lodwar. Alikuwa na shuka moja tu, begani. Tulipofika mjini, askari akatukamata na kutufungia stoo iliyonuka mafuta ya taa, mabati yakilia kwa jua.

"Mzee, hapa ni ofisi ya serikali. Bila nguo hutoki!"

"Ejok," yaani njema, babu akajibu kwa Kiturkana, kana kwamba amesalimiwa.

Barazani, karibu na dirisha letu, bosi wa askari alimfungulia mgeni kisanduku. "Sarafu za ukumbusho," alijigamba. "Michezo ya Wagiriki wa kale. Fedha tupu!" Nikaona wanaume uchi, wakikimbia, wakipigana mieleka. Nikajua ni watu wetu, wamefungwa mpaka wakawa wadogo.

"Babu, hao nao walikosa nguo?"

"Hao hata shuka hawana," akacheka.

Jioni askari alitoboa gunia la mahindi, babu akalivaa, tukaachiliwa. Nililia njia nzima, nikiwahurumia wale waliobaki kisandukuni bila gunia.

Machozi yale nataka nirudishiwe.