Dua ya Samaki Mkubwa

Juzi ufukweni Sib nilimwona baba mmoja akirusha mshipi kwenye mawimbi, bintiye mdogo kamshika kanzu. Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, pwani ya Bustan.

Mama alikuwa amelazwa. Baba alirudi kutoka hospitali, akanichukua pwani na kanzu yake ya kazini, hata hakubadilisha, nami nikafurahi. Mikono yetu ilinuka dagaa wa chambo. Siku zote akirusha mshipi husema Bismillahi. Siku ile alisema polepole, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Nikadhani ndiyo dua ya samaki mkubwa.

"Baba, na mimi ntarusha!"

Nikarusha, nikaisema kwa sauti, nikairudia kila wimbi lilipovunjika. Baba akageuza uso. "Isome, mwanangu," akasema. "Isome tu." Leo najua alikuwa akitafuta namna ya kuniambia, na hakuipata.

Hatukupata hata kolekole mmoja. Nyumbani tulikuta viatu vimejaa mlangoni, na ubani unanukia mpaka nje. Ndani wanawake walikuwa wakilia, wakiisema dua ile ile.

"Msilie," niliwaambia. "Samaki tutampata kesho."