Gari la Mkunga Linalia Likikata Kona

Huyu fundi watu walimwita Sikio, na hawakumwonea. Gari likiwa bado linaingia getini, yeye kichwa kimezama kwenye injini ya gari jingine, angekuambia beringi ya nyuma imekwisha. Na sifa alizipenda, tusifichane. Mtu akimsifia alijifanya anatafuta spana, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Kumbe mambo yalishabadilika, na yeye alikuwa wa kwanza kujua na wa mwisho kukubali. Sauti nene bado alizipata vizuri. Zile nyembamba, za kukwaruza na kusaga, zilikuwa zimemkimbia moja baada ya nyingine. Hakumwambia mtu, hata mkewe, aliyeuza vipuri kwenye kibanda cha mabati ndani ya uwanja uleule wa gereji. Fundi asiyesikia ni fundi gani? Akajikaza kisabuni, akaendelea kufumba macho na kuegemea magari ya watu kama zamani.

Asubuhi moja akaja mkunga, mama aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule, wa Sikio wakiwamo.

"Fundi wangu, gari linalia nikikata kona. Kwanza linanguruma, halafu kuna kitu kinasaga meno huku mbele."

"Washa, mama. Zungusha usukani taratibu mpaka mwisho."

Mkunga akazungusha. Mngurumo ukaja, mzito, na Sikio akausikia wote. Uso ukamchanua jamani, utadhani ametumiwa salamu na mtu wa zamani. Mafuta ya usukani yalikuwa yamepungua, kwa sababu mpira unaoyapitisha ulikuwa unavuja pale kwenye klipu. Akaikaza klipu, akajaza mafuta, akaomba usukani uzungushwe tena. Kimya. Kimya kitamu kabisa.

"Tayari, mama. Nenda salama."

Mkunga akainamisha kichwa. "Mbona kile cha kusaga meno bado kipo? Hukisikii?"

Fundi mwingine yeyote angesema ngoja nitazame. Sikio akafanya jambo ambalo hulifanya mtu aliyesifiwa miaka mingi tu. Akacheka.

"Ah, hiyo ni plastiki ya huku ndani. Itanyamaza yenyewe."

Mkunga akamwamini. Kwa nini asimwamini? Akatia gia, akaelekea getini, na nje ya geti kulikuwa na mteremko mrefu wa kwenda hospitali alioushuka kila siku ya kazi.

Sikio alikuwa anafuta mikono alipomwona mkewe. Gari lilipokata kona mbele ya kibanda, mwanamke aliacha kufunga boksi, akaangalia gurudumu la mbele la kushoto, akakunja uso. Mtu haangalii gurudumu lililonyamaza. Sikio huyo akatoka mbio, mtu mzima na kitambi chake, akapiga buti la gari kwa kiganja.

"Simama, mama. Rudi nyuma."

Akalala chini, akapenyeza mkono nyuma ya gurudumu, akaishika boljointi, kile kifundo kinacholishikilia gurudumu lisichomoke. "Zungusha kidogo kidogo." Kifundo kikaruka ndani ya kiganja chake. Wakarudia, kikaruka tena. Alipoliinua gari kwa jeki na kusukuma kwa mtaimbo, gurudumu lilicheza kama jino la mtoto.

"Hii ingeachia pale kwenye mteremko," alisema.

"Si ulisema plastiki?"

Angeweza kutunga kitu. Maneno alikuwa nayo, tena ya kuuza. Akauweka mtaimbo chini.

"Nilikudanganya, mama. Sikusikia kitu. Sauti nyembamba sizipati tena, muda mrefu sasa. Nikaona haya."

Mkunga hakupaza sauti, na bora angepaza. "Yaani ungeniua kwa sababu ya haya."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nisipousikia moyo wa mtoto tumboni, namwita mwenzangu asikilize. Papo hapo. Haya ya nini? Mtoto ni wa watu."

Akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu, akafungua pochi, akaifunga bila kutoa kitu.

Mke wa Sikio alikuwa amesimama pale tangu mwanzo wa maneno hayo, boljointi mpya mkononi, bado kwenye karatasi lake. Waliifunga pamoja, mke akishika tochi. Kazi ilipokwisha ni yeye aliyetembea kando ya gurudumu huku gari likikata kulia na kushoto, na Sikio akasubiri jibu usoni mwake.

"Limenyamaza," mke alisema, kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida yake.

Mkunga akashukuru kwa kichwa tu, akaushuka mteremko polepole. Walibaki wawili wakinawa chini ya bomba.

"Basi na wewe umejua leo," Sikio alisema.

"Leo nimejua kuwa ni masikio."

"Ulidhani ni nini?"

Mke aliendelea kusugua grisi kwenye vidole, hakumtazama. "Nikikuita kutoka chumbani huitikii. Nikikusimulia jambo unaangalia pembeni. Nilidhani umenichoka. Nilishamwambia dada anitafutie chumba kwao."

Maji yalikuwa yanamwagika kwa nguvu, na Sikio hakupata yote. Alipata chumba, akapata dada. Safari hii hakuitikia kwa kubahatisha. Akamwomba arudie, akimwonyesha sikio lenye nafuu. Mke akafunga bomba, akazunguka upande wa pili, akalisogelea sikio hilo, akarudia neno kwa neno.