Aliyebaki Kufunga Kamba

Fundi aliyekuwa akitia chokaa nyumba inayotazamana na yetu hapa Mkomani amefariki. Wengi wenu mlisikia kwenye kipaza sauti cha msikiti kabla mimi sijashika kalamu, na wengine mlimzika kwa mikono yenu. Wasomaji wangu wa ubao huu wa skuli mmezoea kunikuta nikimsengenya mwalimu wa hesabu na uji wa saa nne, basi leo mkikuta nimetulia msidhani naumwa. Huyu alikuwa mtu wangu. Hakuwa jamaa, wala sijawahi kula kwake. Alikuwa akinitukana kila asubuhi kutoka juu ya jukwaa lake, nami nikimrudishia kutoka chini, halafu naingia darasani nimechangamka kuliko aliyekunywa kahawa.

Alizaliwa Mbwajumali, akaoa hapa kisiwani kwetu Amu, na kabla ya kufika mtaani kwetu alifanya kazi kwenye hoteli iliyokuwa ikijengwa kisiwa cha pili, Manda. Kule, alinisimulia, hupandi hata kizingiti bila kofia ngumu na mkanda wenye ndoana, na kuna bwana mzima ambaye kazi yake ni kuzunguka akivuta kila kamba kuona kama imekaza. “Nilifungwa kama ng’ombe wa Idi,” alisema, “ila ng’ombe hadaiwi kupiga lipu.” Kofia ngumu alikuja nayo. Aliitundika juu kwenye boriti, akaweka mahamri yake ndani ili paka wa mtaa wasiyafikie. Kichwani mwake alivaa kofia yake ya kushona kwa mkono.

“Fundi,” nikamwambia siku moja, “mahamri yako yana ulinzi kuliko ubongo wako.”

“Mahamri yana kazi saa nne,” akajibu bila kugeuka. “Ubongo naupumzisha. Wako wewe umepumzika tangu uanze skuli, na hakuna aliyekuuliza.”

Mwenzake, fundi aliyekuwa akifanya naye kazi siku zote, alicheka mpaka akamwaga chokaa, na tone likaangukia shati langu jeupe. Mwalimu wa zamu aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni ndege.

Sasa, nyinyi wa bweni mliotoka bara, nisikizeni hapa. Vichochoro vyetu ni vyembamba. Fundi akitaka kutia chokaa ukuta wa nje, husimamisha boriti katikati ya ndia, nyinyi mwaita njia, akazifunga kwa kamba, akalaza mbao juu. Punda anapita chini yake bila kuomba ruhusa. Jeneza halipiti. Jeneza linabebwa mabegani, watu huku na huku wanapokezana kwa sababu kila mmoja anataka thawabu yake, na boriti ya kati inawazuia. Kwa hiyo mafundi wakisikia tahlili ya wabeba jeneza inakuja wanashuka mbio, wanaifungua ile boriti moja na kuiegemeza ukutani. Maiti akishapita wanairudisha. Ni adabu, na sijawahi kumsikia fundi akiinung’unikia.

Siku aliyoanguka, jeneza la bibi mmoja wa mtaa wa juu lilipita hivyo. Marehemu wetu aliivuta boriti, jeneza likapita, naye akaingia moja kwa moja kwenye foleni ya wabebaji. Mwenzake aliirudisha boriti mahali pake, akaizungushia kamba mara moja tu isije ikamwangukia mtoto, akasema ataikaza wakirudi, akakimbia kuwahi zamu yake. Kutoka makaburini, marehemu wetu alitangulia na mwenzake akabaki nyuma akitoa mkono wa tanzia. Marehemu aliangalia, akaona boriti imesimama na kamba ipo, akapanda. Nilikuwa nyumbani nakula. Nilisikia mbao zikiporomoka pamoja naye. Alipelekwa hospitali, na kabla ya alfajiri wakaja kutuambia.

Barazani walisema siku yake ilifika. Sibishani na wazee, hasa wanaomjua baba. Lakini naona hiyo siku ilipofika ilikuta fundo halijakazwa. Na nimekuwa nikifikiri: sisi tunajua nani atangulie na jeneza, nani aongoze tahlili, nani anyunyize maji ya waridi. Kwa maiti tumepanga kila kitu. Yule aliye hai, ambaye baada ya saa moja atapanda juu ya zile mbao, hatukumpangia mtu. Kule Manda yupo bwana wa kuvuta kamba. Sisi tuna haraka ya kheri, na haraka ni haraka hata ikiwa ya kheri.

Siku ya maziko yake jeneza lilitoka kwa wakwe zake, na hakuna ndia nyingine, ikabidi lipite pale pale. Jukwaa lilikuwa limeshasimamishwa tena vile vile. Mwenzake aliifungua ile boriti, akaiegemeza, jeneza likapita. Watu wakamwachia nafasi ya mbele, maana yeye ndiye aliyestahiki. Hakuja. Alikuwa ameinua boriti.

“Bwana, ni wako huyu!” mtu akamwita. “Njoo ubebe.”

“Bebeni. Mimi nafunga.”

“Hiyo kamba si itangoja?”

“Jana tulisema hivyo hivyo.”

Jeneza likaenda, naye akabaki akizungusha kamba, anaweka mguu ukutani na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Alipomaliza alijining’iniza juu ya fundo kwa uzito wake wote. Siku ile hapakuwa na mtu wa kupanda jukwaa lile, na yeye alilijua hilo. Alifika makaburini udongo umeshaanza kutiwa, watu wakampisha.

Juzi limepita jeneza jingine. Kabla hajaigusa boriti, yule mwenzake alisimama katikati ya kichochoro akauliza kwa sauti, “Nani abaki?” Na mimi, ambaye mwalimu wa hesabu hajawahi kuuona mkono wangu juu, niliunyoosha. Kufunga sijui. Kazi yangu ilikuwa kukaa kizingitini na kumkataza kila mtu asipande mpaka mwenyewe arudi aikaze. Kibarua mmoja mgeni alitia mguu kwenye ubao, nikamwambia, “Shuka tini.” Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia, mimi ndiye niliyebaki.

Fundi aliporudi alikaza, akavuta, akajining’iniza, kisha akaitungua ile kofia ngumu, akaikung’uta makombo na kuivaa. Mahamri sasa yanaliwa na paka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.